Ligi Ikisimama Ghafla: Namna ya Kuiombea Timu ya Mtaani Msaada wa Dharura

Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020 vijana wetu walikuwa wanafunga kamba za njumu, kiwanjani kwetu Makorora, mjini Tanga, pale simu ya mmoja wao ilipoleta habari. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, ametangaza shule zifungwe na michezo isimame, ligi zote zikiwemo, kwa siku thelathini. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa siku moja tu kabla, kule Arusha. Kocha akawaambia wakimbie raundi mbili kisha kila mtu arudi kwao. Siku thelathini zikazaa nyingine, na Ligi Kuu haikurudi uwanjani mpaka tarehe 13 Juni.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa timu ya ligi ya mkoa. Jioni ile kasha letu lilikuwa na shilingi 43,500, na wachezaji ishirini na wanne waliokuwa wakitutegemea kwa nauli na posho ya mazoezi. Nikatoka kwenda kuomba, na wiki tano za kwanza nikarudi karibu mikono mitupu. Tanga si mji usiopenda mpira. Huu ni mji uliochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988 kwa miguu ya Coastal Union, na ambao msimu wa 2015/16 ulizishuhudia Coastal, African Sports na Mgambo zikishuka Ligi Kuu kwa pamoja, watu wakalia kweli uwanjani Mkwakwani. Huruma ipo. Iliyokosekana ni karatasi ya kumwambia mwenye huruma atoe kiasi gani, cha kitu gani, na atajuaje kama kimefika.

Ninayoyaandika hapa ni kwa katibu au mweka hazina wa timu ya Ngamiani, Pongwe, Muheza, Pangani au Korogwe. Maradhi mengine yanaweza kuja, na hata mvua kubwa inaweza kuifunga ligi.

Hatua ya kwanza: jua pesa kubwa inapita njia gani

Mwaka 2020 kila kijiwe kilikuwa na stori ya mamilioni ya FIFA. Stori ilikuwa na ukweli. FIFA ilitenga dola bilioni 1.5 za kusaidia mpira duniani wakati wa korona, na kila shirikisho mwanachama likawa na haki ya dola milioni moja, pamoja na dola 500,000 za soka la wanawake. Lakini angalia pesa hiyo inaandikiwa nani. Inaandikiwa shirikisho la taifa, kwa matumizi yaliyopangwa na kukaguliwa: kurudisha mashindano, kinga dhidi ya maambukizi, timu za taifa, wafanyakazi, viwanja. Hakuna mlango ambao timu ya mtaani inaupiga hodi kule Zurich, makao ya FIFA. Ukitaka tone la mvua hiyo, litapita TFF, shirikisho letu la taifa, lishuke chama cha soka cha mkoa, kisha chama cha wilaya, na litazifikia timu zilizomo kwenye orodha tu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kwenda chama cha wilaya kuuliza swali moja: sisi tumo? Ada ya uanachama imelipwa mpaka lini, majina ya viongozi waliyonayo ni ya sasa au ya wale mliowatoa kwenye uchaguzi? Timu nyingi za kwetu zinacheza ligi huku kwenye faili bado katibu ni mtu aliyehamia Dar miaka mitatu iliyopita. Barua ikija, inakwenda kwake.

Na pesa ikifika chini, ugomvi wa mgao haukwepeki. Uingereza, Oktoba 2020, timu za National League, daraja la tano na la sita, zilipata pauni milioni 10 kufidia viingilio kwa sababu mashabiki walikuwa hawaruhusiwi uwanjani. Haukupita muda baadhi ya klabu zikalalamika kwamba mgao haukufuata hasara halisi ya kila klabu. Kwenye ugomvi kama huo, mwenye hoja ya kusimamia ni mwenye kitabu cha viingilio vya kila mechi. Ikiwa huko wenye ofisi na wahasibu waligombana, sisi wa daftari moja la kurasa mia tuna sababu zaidi ya kuandika.

Hatua ya pili: hesabu watu kabla ya vitu

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko pengine pote.

Mchezaji wa daraja la chini hana mshahara wa kukatwa, ndiyo maana watu wa nje hudhani hajapoteza kitu. Muulize anaishije. Asubuhi anabeba mizigo bandarini, au anapara samaki Deep Sea, au ana bodaboda ya mtu. Jioni mazoezi, anapata nauli na wakati mwingine chai na mihogo. Jumamosi na Jumapili anacheza ndondo, mechi za mtaani za kugombea zawadi, na hiyo ndondo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Ligi ikisimama, ndondo inasimama siku hiyo hiyo, na bodaboda inakosa abiria kwa sababu shule zimefungwa. Vyanzo vyote vinakauka wiki moja.

Wala hatakwambia. Kipa wetu nilimpigia mara tatu, kila mara ananijibu, "Niko poa, kaka, msijali." Mara ya nne nilikwenda mwenyewe Mwanzange, nikamkuta mama yake anachambua mchicha mlangoni. Nikamwamkia, nikaulizia hali. Akanitazama akasema, "Mwanangu, huyu mwenzio anakula mara moja kwa siku ili wadogo zake wale mbili." Tangu hapo sikutumia simu tena kwa kazi hii.

Nenda nyumba kwa nyumba ndani ya siku saba za kwanza, wewe na mtu mmoja ambaye vijana wanamheshimu, kapteni kwa mfano. Kaeni nje, kwa umbali, na barakoa, maana maradhi ndiyo yaliyowaleta. Kwa kila mchezaji andika mambo matatu: anaishi na nani, analipa kodi au yuko kwao, na kama ana jeraha au ugonjwa ambao timu ilikuwa ikimsaidia. Usiwasahau kocha, mtunza vifaa na yule mama anayefua jezi. Orodha hii isionwe na zaidi ya watu watatu. Isipigwe picha, isiwekwe kwenye grupu.

Kwetu, kati ya ishirini na wanne, tulipata tisa ambao nyumbani kwao chakula kilikuwa shida ya kweli, na mmoja aliyekuwa nusu ya matibabu ya goti. Wengine walikuwa wamebanwa, lakini wana wazazi wenye kipato au kazi iliyokuwa haijasimama. Kule kupungua kutoka ishirini na wanne hadi tisa ndiko kulikoliokoa ombi letu, kwa sababu tisa ni idadi ambayo mfanyabiashara mmoja wa sokoni anaweza kuibeba.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya siku tisini

Chukua karatasi, ichore mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni gharama ambazo hazisimami ligi ikisimama. La pili ni pesa ambayo ingeingia lakini haitaingia: michango ya wanachama, kofia inayozungushwa siku ya mechi, zawadi za ndondo. La tatu ni gharama za kurudi uwanjani siku ligi ikifunguliwa.

Makosa yanafanyika kwenye fungu la kwanza. Barua yangu ya mwanzo niliijaza nauli za ugenini, ada za waamuzi na maji ya mazoezi, vitu ambavyo havikuwepo tena kwa kuwa mechi hazikuwepo. Mtu aliyewahi kuongoza timu akiisoma anacheka moyoni, halafu anaiweka chini ya barua nyingine.

Hesabu yetu ya pili, ile iliyozaa matunda, ilikuwa hivi. Kwa mchezaji mmoja kwa mwezi: unga wa sembe kilo kumi kwa 1,200 ni shilingi 12,000; maharage kilo tano kwa 2,200 ni 11,000; mafuta lita mbili kwa 3,500 ni 7,000. Jumla 30,000. Wachezaji tisa ni 270,000 kwa mwezi, na miezi mitatu ni 810,000. Chumba cha kuhifadhia vifaa, 20,000 kwa mwezi, ni 60,000. Kumalizia matibabu ya goti, 150,000. Jumla kuu shilingi 1,020,000. Wewe weka bei za soko lako za leo. Nenda soko la Mgandini ukaziulize mwenyewe, kwa sababu unayemwomba anazijua.

Fungu la kurudi uwanjani lipe karatasi yake. Weka basi dogo la Coaster la mechi mbili za ugenini kwa bei uliyolipa mara ya mwisho, mipira, sabuni na ndoo za kunawia. Ombi la chakula na ombi la mipira yakikaa karatasi moja, la mipira litaonekana anasa na la chakula litaonekana uongo.

Hatua ya nne: karatasi za timu

Cheti cha usajili wa klabu kutoka kwa Msajili wa vyama vya michezo, aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Kama huna, anza kwa afisa michezo wa wilaya. Katiba. Majina ya viongozi wa sasa. Muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba msaada, wenye sahihi za waliohudhuria. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, ambayo mtendaji anaiandika siku hiyo hiyo ukienda asubuhi na muhtasari mkononi.

Kisha akaunti. Iwe kwa jina la timu, iwe na watia saini watatu, wawili watoshe kutoa. Nalisisitiza hili kwa uchungu. Mchango wetu wa kwanza kabisa, shilingi 50,000 kutoka kwa mwana Tanga aliyeko Mwanza, uliingia kwenye laini ya kiongozi mmoja. Laini ilikuwa na deni la mkopo wa simu, likakatwa humo humo kabla hata hajaisoma meseji. Hakuiba. Lakini jaribu kumweleza hivyo aliyetuma. Alituamini, na hakutuma tena.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Daftari liwe na tarehe, jina, kiasi, kilichonunuliwa, na risiti ikiwa imebanwa pembeni.

Hatua ya tano: gonga milango kwa mpangilio

Anza karibu. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa wa mzee mmoja mwenye biashara ya samaki, shabiki wa timu tangu enzi za baba zetu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha kahawa. Nikamweleza kwa nusu saa jinsi hali ilivyo mbaya. Aliponiacha nimalize akasema, "Mwanangu, hali mbaya naijua, hata mimi boti zangu zimekaa. Sasa wewe wataka nini?" Sikuwa na jibu. Nikasema chochote utakachojaaliwa. Akanipa 10,000, nami nikaondoka nikidhani ni bahili. Wiki tano baadaye nilirudi na karatasi ya hesabu. Aliisoma kimya, akaweka kidole kwenye mstari wa maharage, akasema, "Huu wangu, miezi yote mitatu." Maharage ya watu tisa kwa miezi mitatu ni shilingi 297,000. Ni mzee yule yule, na boti zake bado zilikuwa zimekaa.

Kwa hiyo mpe kila mtu mstari wake. Mwenye duka la nafaka mpe unga. Mwenye mashine ya mafuta mpe mafuta. Mwenye famasia au zahanati mpe goti. Viwanda na kampuni za mjini, ukianzia saruji mpaka bandarini, usiwaombe pesa taslimu kwa timu isiyojulikana. Omba sabuni, usafiri, au mifuko ya unga, na barua ipite kwa mtu wa uhusiano huku ukiwa na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Majibu yao huchelewa, usiwajenge kwenye hesabu ya mwezi wa kwanza.

Misikiti na makanisa nayo yana mafungu. Mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, wakati njaa imeshika. Zaka haitolewi kwa klabu. Inatolewa kwa mtu mwenye kustahiki. Basi usiende kwa imamu na barua ya timu. Nenda faragha na majina mawili matatu, kwa idhini ya wenyewe, umwachie yeye apime. Wachezaji Wakristo, zungumza na mchungaji au padri wao kwa namna hiyo hiyo.

Halmashauri ina mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Viongozi wengi wa timu wanakimbilia huko wakati wa shida. Ni mkopo, tena wa kikundi chenye mradi, unarejeshwa. Ukiuchukua ukala, umewaachia vijana deni. Lakini kama wachezaji watano wana wazo la kweli, kufuga kuku au kununua mashine ya kufulia na kufua jezi za timu zote za mjini, wasaidie wajiandikishe kama kikundi chao, timu isiingie.

Wanasiasa watakuja bila kuitwa. Mwaka 2020 ulikuwa wa uchaguzi mkuu, tukapigiwa simu na watia nia ambao hawakuwahi kutuona. Ushauri wangu: pokeeni chakula kwa barua na risiti kama kwa mtu mwingine yeyote, msikubali jezi yenye sura ya mtu, wala wachezaji wasipelekwe kwenye mkutano. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ipo, na timu ikigawanyika kisiasa haiungwi tena kwa unga.

Na msifanye harambee ya kukusanya watu, wala ndondo ya hisani, wakati katazo liko palepale. Nia njema haizuii maambukizi. Tumieni namba ya kulipia ya timu na grupu la wana mtaa walioko Dar, Arusha na nje ya nchi, mkitangaza kila jioni kilichoingia na kilichobaki.

Hatua ya sita: barua ya ukurasa mmoja

Yetu ilikuwa hivi, bila majina:

*Ndugu mpendwa,*

*YAH: OMBI LA MAHARAGE KILO 45 KWA MWEZI, KWA MIEZI MITATU*

*Sisi ni timu ya mtaa wa ......, iliyosajiliwa kwa namba ......, inayoshiriki ligi ya mkoa. Tangu michezo isimamishwe tarehe 17 Machi, wachezaji wetu tisa hawana kipato cha kutosha kula. Tumeandaa chakula cha siku tisini kinachogharimu shilingi 810,000. Unga umeshapata mtu. Tunakuomba ubebe maharage, yenye thamani ya shilingi 99,000 kwa mwezi. Unaweza kutupa maharage yenyewe, au kumlipa muuzaji moja kwa moja.*

*Tutakuletea risiti na taarifa ya mgao kila tarehe 5 ya mwezi. Viambatisho: cheti cha usajili, barua ya mtaa, hesabu yetu yote.*

*Wako katika michezo,* mwenyekiti, katibu, mweka hazina, sahihi tatu.

Tazama ile sentensi ya kumlipa muuzaji moja kwa moja. Watu wawili waliotukatalia mwanzo walikubali kwa sababu yake. Hawakutaka pesa ipite mikononi mwetu, na walikuwa na haki hiyo.

Hatua ya saba: kugawa

Gawa jioni, nyumbani kwa kila mmoja, vifurushi vinavyofanana. Wawili wapeleke, anayepokea asaini kwenye daftari. Basi.

Picha hapana. Naomba hili lisikilizwe. Nimeona timu zikiwapanga vijana mstari, kila mmoja na mfuko wa unga, mfadhili katikati, picha inakwenda mitandaoni. Kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye mtaa mzima unamwita kwa jina la mshambuliaji maarufu anasimamishwa pale kama mkimbizi. Mmoja wa timu jirani hakurudi mazoezini ligi ilipofunguliwa. Mfadhili anayetaka ushahidi mpelekee daftari lenye sahihi, au mwalike aje na kifurushi kimoja mwenyewe.

Hatua ya nane: rudi kwa aliyetoa

Tarehe uliyoahidi ikifika, nenda, hata kama huna kitu kipya cha kuomba. Hasa kama huna. Mzee wa samaki nilimpelekea risiti ya mwezi wa kwanza tarehe 5 asubuhi, akaita mwanawe aje aisome kwa sauti. Mwezi wa pili alinipigia yeye, kuuliza kama goti la yule kijana limepona.

Kikibaki kitu ligi ikifunguliwa, kaeni kikao muamue, muandike, muwaambie waliotoa. Sisi tulibakiwa na shilingi 38,000 na lita nne za mafuta. Mafuta tulimpa yule mama anayefua jezi. Zile 38,000 tuliziacha kwenye akaunti, na tangu hapo kila zawadi ya ndondo inayoingia tunakata elfu kumi kabla ya kugawana, zinaongezwa pale pale, na watia saini hawaruhusiwi kuzigusa mpaka ligi isimame tena.